Mazuti ya Wanajeshi

Babu yangu alikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja hapa Butembo. Enzi za Zaire, serikali ilipoamua kwamba maduka ya wageni yawe ya wananchi, babu alifurahi. Alizijua rafu zote za duka lile, akadhani huenda atakumbukwa. Akaja mtu kutoka mbali, mwenye karatasi iliyopigwa muhuri, ya kumpa yeye duka lile. Mtu huyo aliuza vitenge, akauza majembe, akauza hata mizani, na mwishowe akang'oa mabati ya paa, akayapakia, akaenda zake. Babu akarudi Masereka kulima viazi. Kila aliposimulia habari hiyo alikawia kwenye ule muhuri: ulikuwa mkubwa kiasi gani, na wino wake ulikuwa wa rangi gani.

Papa, baba yangu, alikulia ndani ya simulizi hiyo. Alipoanza biashara ya kununua viazi na vitunguu Masereka na kuvipeleka Beni kwa lori, alijiwekea sharti moja: serikali usiikasirishe, lakini usiingoje. Barabara ilipokatika upande wa Kalunguta, wafanyabiashara wa Butembo hawakumngoja mtu. Walinunua mawe na vyuma vya daraja, wakawalipa watu wenye sululu. Mapadri na wachungaji wakaitangaza kazi hiyo kanisani. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikwenda na mama kuwapelekea wafanyakazi maharagi, nikamkuta papa amezama matopeni hadi magotini, yeye na matajiri wenzake, suruali zimekunjwa.

Daraja lilipokwisha, alikuja mkubwa mmoja wa serikali, akakata utepe, akasema serikali imewaletea wananchi daraja. Baada ya wiki moja kukawa na kizuizi pale pale: mti umelazwa njiani, na wanajeshi wawili wakidai ushuru.

Siku hiyo nilikuwa ndani ya lori. Nilimuuliza, "Papa, si ni nyinyi mulijenga?"

"Ni sisi."

"Sasa banaomba nini?"

"Ile banaombaka siku zote. Acha, mutoto wangu. Njia iko inapita."

Tuliishi hivyo miaka mingi. Kisha mauaji ya upande wa Beni yakaifikia barabara. Watu walichinjwa mashambani mwao na waasi wa msituni, malori yakachomwa moto na mizigo yake. Mawe tuliweza kuyanunua, lakini bunduki za kulinda njia zilikuwa za serikali, na wakati huo serikali yenyewe ilikuwa imevaa magwanda. Ofisini ambako zamani alikaa mtu wa suti, sasa alikaa afisa wa jeshi.

Wafanyabiashara walimchagua papa na wazee wengine wawili waende Beni kuomba msafara wa ulinzi. Magoti yalikuwa yakimsumbua, kwa hiyo nilimsindikiza. Afisa alitupokea vizuri, akatupa viti.

"Muzee, basoda niko nabo," alisema, akituonyesha wanajeshi waliokaa uani. "Lakini magari yetu haina mazuti. Mukitupatia mazuti, kila wiki tutabasindikiza."

Papa aliwageukia wazee wenzake, wakaitikia kwa kichwa. "Komanda, tutatafuta," alisema.

Njiani tukirudi wazee walihesabu kila mfanyabiashara atatoa kiasi gani. Wiki ile ile mapipa ya mazuti, dizeli hiyo, yalipelekwa, na kweli, wanajeshi walitangulia mbele, wengine wakafuata nyuma, malori yakafika. Ikawa hivyo kwa miezi kadhaa. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeendesha lori letu. Alikuwa mtu wa kula akiwa amesimama, mwenye haraka ya kila kitu, na kila akipita mbele ya duka langu alipiga honi mara tatu hadi wateja wakamzoea.

Siku moja malori yalipangwa tangu alfajiri, gari la wanajeshi halikuja. Walipopigiwa simu walisema liko njiani. Mvua ilikuwa imelowesha magunia, na kiazi kilicholowa hakingoji. Karibu na saa sita wakapiga wao: tangulieni, tutawakuta mbele. Madereva waliulizana, kisha wakawasha injini.

Walishambuliwa msituni. Lori la kaka lilikuwa la tatu. Tulimpata kesho yake, nami sitaeleza tulimpata vipi. Baadaye wanawake wanaouza kando ya barabara walituambia kwamba mazuti ya wiki ile yalikuwa yameuzwa na wanajeshi wenyewe kwa vidumu, mchana kweupe.

Kwenye mazishi alikuja mjumbe wa serikali, akasoma pole. Butembo ilifunga maduka siku tatu. Siku ya nne tulifungua, kwa sababu watu hapa hula kile walichouza siku hiyo.

Mwezi haujaisha, papa aliitwa tena ofisini. Aliporudi alikaa kitini bila kuvua koti.

"Banaomba mazuti," alisema.

"Ulibajibu nini?"

"Nilisema ndiyo."

Nilisimama. "Papa, balikula mazuti, mutoto wako akakufa! Na unabapatia tena?"

"Minajua." Hakupandisha sauti. "Wangu amekwisha kufa. Batoto ba wengine bako mu njia. Kama nikikatala, kesho nani atabasindikiza? Wewe?"

Nilitoka nje, na kwa miezi miwili sikukanyaga nyumbani kwake. Niliwaambia watu kwamba babangu amekuwa mtumishi wa waliomuua mwanawe. Nilisema hivyo mbele ya wateja, na najua yalimfikia.

Wifi yangu, mjane wa kaka, alibaki na watoto watatu. Akaanza biashara ya mawese, akiyanunua Beni na kuyaleta Butembo. Asubuhi moja nilimwona juu ya lori, amekaa kwenye magunia ya vitunguu, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Mbele ya malori lilisimama gari la wanajeshi, injini inanguruma. Alinipungia mkono. Nilibaki pale barabarani hadi lori la mwisho likapita, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa papa. Alinisogezea karatasi na kalamu bila kuuliza nilikuwa wapi.

"Andika wewe," alisema. "Barua ya msafara wa wiki hii."

Niliandika salamu zote za heshima. Kisha nikamuuliza, "Niweke habari ya kaka? Bajue ni nini ilitokea?"

"Hapana. Andika malori iko ngapi."

Niliandika malori kumi na moja. Alitia sahihi, na Jumatatu niliipeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la ofisi hadi saa saba ndipo wakaipokea.