Shati la Baba Kwenye Msumari

Juzi mvua ilitukuta hapa Bombambili saa nane mchana, ile mvua yetu ya Songea isiyopiga hodi. Jirani yangu alikuwa sokoni, nguo zake zimejaa kamba nzima uani, na mimi nimekaa kibarazani nazitazama zikilowa. Aliporudi alininunia, na ana haki. Jirani gani anashindwa kuanua hata kanga? Nikamwambia nilisinzia. Uongo mtupu. Nguo ya mtu ikishatundikwa, mimi siigusi. Yeye sikumweleza, lakini wewe kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ndiyo kwanza inamwagwa sokoni na madukani sabuni zimeanza kuonekana tena. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye maghala ya tumbaku. Akasikia kuna dhahabu porini, mbele ya Namtumbo, mwendo wa nusu siku kwa mguu ukishaiacha barabara kuu. Tukafunga virago, baba, mama na mimi wa miaka kumi, tukaenda.

Tulikuta shimo linalomfika mtu kiunoni. Waliliita duara ingawa lilikuwa na pembe nne, usiniulize kwa nini. Mwenye duara alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, mnene, mwenye sauti ndogo ambayo hata hivyo iliwanyamazisha wote. Wanaume walichimba, wakakata miti ya kuzuia kuta zisiporomoke, wakafunga gogo la kuzungusha kamba kwa mikono ili kushusha watu na kupandisha mawe. Kipupwe kilipofika, ukidondosha kokoto ulisubiri kabla ya kuisikia. Huko chini waligeukia pembeni, wakaufuata mkanda wa jiwe jeupe kwenye njia nyembamba ambayo baba alisema unaipita kwa tumbo.

Kila asubuhi walitanguliza koroboi kwa kamba. Ikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kushuka. Mimi nilisimama mbali nikiomba izimike. Mama alikuwa mpishi wa kambi: ugali, maharage, dagaa wa Nyasa, likolo la majani ya maboga lililopikwa na karanga. Harufu ya karanga zile ninayo hadi leo. Lakini mchana, nikijilaza kwenye mkeka, nilisikia nyundo zikigonga chini ya sikio langu, ndani ya ardhi. Nyundo zikinyamaza, nami nabana pumzi mpaka zianze tena. Nilikuwa mtoto mwoga, sikatai, lakini hofu ile haikuwa ya bure.

Sheria za pale zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwanamke haupiti mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, awe mkubwa au mtoto, kwa sababu eti dhahabu inakimbia. Ya pili ndiyo ya mashati. Mdomoni mwa duara palikuwa na ubao wenye misumari. Anayeshuka anavua shati analitundika. Anayepanda anachukua lake. Shati likibaki, kuna mtu chini. Hakukuwa na daftari wala kuitana majina. Siku ya kulipua mwamba, fundi wa baruti alitazama ubao tu. Ukiwa mtupu, anashuka kuwasha utambi, na yeye peke yake hatundiki lake. Na mwingine atakayeshuka bila kutundika shati anafukuzwa siku hiyo hiyo, hata kama ni ndugu yake mwenye duara.

Shati la baba lilikuwa la mtumba, la buluu, lina picha ya samaki wa manjano mgongoni. Ndilo alilovaa kazini na ndilo la Misa, maana la pili hakuwa nalo.

Jumamosi moja mama alinituma nikachote maji. Padri alikuwa anakuja kesho yake na mama alitaka tufue. Kutoka kisimani njia ilipita karibu na mawe ya chokaa. Wingu likafunga, matone makubwa yakaanza, wanaume waliokwisha kupanda wakakimbilia kwenye turubai. Pale ubaoni nikaona shati la baba peke yake, linaanza kulowa. Nyumbani kwetu mvua ikinyesha huulizwi, unaanua. Mama alikuwa amenichapa mara ngapi kwa nguo zilizolowa! Sikuwaza kitu kingine. Nikatua ndoo, nikavuka mstari, nikalichomoa, nikakimbia nalo kambini, tena najisifu moyoni.

Mama alilitazama shati, akanitazama mimi.

"Baba yako amepanda?"

Nikasema sijui. Mwiko ukamdondoka kwenye majivu. Hapo ndipo nilipoelewa.

Sijui nilifikaje. Nilikuwa nimelikunja shati ndani ya gauni, naogopa wasilione, naogopa nikisema nimevuka mstari watatufukuza, naogopa nisiposema. Ubao ulikuwa mtupu. Kamba ilikuwa imenyooka kuingia shimoni: fundi wa baruti amekwisha kushuka. Mwenye duara akanigeukia, akauliza kwa kile kisauti chake nimefuata nini pale. Nilitaka kumwamkia kwanza, hebu fikiria, shikamoo, wakati baba yangu yuko kwenye baruti.

"Baba yangu yuko chini," nikasema.

Alitazama ubao, akanitazama, akaivamia kamba. Akaivuta mara tatu, ishara ya kuacha kila kitu. Kisha tukangoja. Mvua ilipiga turubai. Nilihesabu mpaka namba zikanipotea. Akatoka fundi, kiberiti kikavu mkononi. Kamba ikashuka tena kumfuata baba, aliyekuwa bado kwenye ile njia nyembamba, ikakaa, ikakaa mno, halafu kikatokea kichwa cha baba, cheupe kwa vumbi. Nilijikojolea pale pale.

Mwenye duara akamuuliza shati lake liko wapi. Baba alinitazama. Mkono wa buluu ulikuwa umechungulia kwenye shingo ya gauni langu, na nadhani ni yeye tu aliyeuona.

"Sikulitundika, mzee," alisema. "Nilishuka nalo, limebaki huko."

Alifukuzwa pale pale, na kesho yake hatukungoja Misa. Tulibeba magodoro na sufuria mpaka barabarani, mama analia, baba yuko mbele kimya. Wiki chache baadaye tulisikia duara lile limetema dhahabu, wenzake baba wameezeka nyumba kwa bati. Baba aliishia kuchonga mipini ya majembe hapa mjini hadi uzeeni, wala hakunilaumu hata siku moja. Nilimwogopa kwa ukimya huo kuliko ambavyo ningeogopa fimbo.

Siku hizi pale pana uzio na mitambo, wanasema. Kambi, mawe ya chokaa, ubao, vyote vimekwenda, na mwaka jana baba naye akaenda. Tulipomaliza matanga, ndugu wakakaa kugawa nguo zake. Shangazi akanyoosha mkono kwenye msumari nyuma ya mlango, lilipokuwa shati lake la mwisho. Nilijikuta nimeusimamia mlango, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Shangazi, liache hapo," nilimwambia. "Mwenyewe yuko chini."