Jina la mjukuu wangu mwanajeshi nimelichafua mimi, lawama anabeba mkewe

Mwenye ukurasa, nifiche. Nasema kwa sauti kwenye simu ya mpangaji wangu, wewe utaandika, maana darasani sikuingia hata siku moja na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia aniandikie haya. Wajukuu zangu mnaosoma, hamjambo? Mimi ni bibi wa hapa Ujiji, miaka sabini na ushee, mjane, nauza dagaa.

Nina mjukuu niliyemlea tangu mama yake alipofariki, ananyonya bado. Sasa ni mwanajeshi, wamempeleka nchi za watu kulinda amani. Kwa utani wetu namwita mume wangu, na mkewe, aliyemwacha na mtoto kwenye chumba cha kupanga Katubuka, namwita mke mwenzangu. Binti yule ananipenda. Ijumaa ilikuwa haipiti hajaja kunifulia na kunisuka.

Mjue kwamba kitambulisho cha taifa sina. Huku kwetu mpakani unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, na baba yake babu je, mpaka nikachoka kuzungushwa. Basi mjukuu wangu, kabla hajaoa, aliweka kidole chake akanisajilia laini kwa jina lake. Akasahau, nami nikasahau. Nilijua laini ni yangu kwa sababu imo kwenye simu yangu.

Herufi sizijui, lakini namba nazijua, mchuuzi asiyejua namba atakula nini? Mwenzangu sokoni akanifundisha kukopa kwa simu. Bonyeza hapa, bonyeza hapa, hela hiyo. Nikakopa nikalipa, wakaniongezea. Mwaka jana, ziwa lilipokaribia kufungwa ili samaki wazaliane, nikachukua mkopo mkubwa ninunue dagaa niwaweke, bei ikipanda nikauze Mwandiga. Mvua ikawakuta kwenye vichanja. Wakaota ukungu wote, nikawamwagia kuku.

Simu ikawa haitulii kwa kudai. Nikachomoa laini, nikaitupa chooni. Wallahi niliona nimemaliza. Aliyekopa ni laini, laini imekufa, deni limekufa. Watu wakiuliza, nasema imepotea.

Kumbe jina halitupwi chooni. Mjukuu wangu ana kiwanja, akaomba mkopo benki ajenge kama wenzake. Benki ikamkatalia. Ikamwambia kuna mahali majina ya wakopaji yanatunzwa, na lake lina doa, mkopo wa simu uliochukuliwa kwa kitambulisho chake haujalipwa. Namba ya laini hawakumtajia.

Ijumaa iliyofuata akapiga kwa mkewe, naye yuko kwangu, simu ikawekwa spika.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba mume wangu, umekula?"

"Nimekula. Bibi, mke mwenzio kaniharibia jina."

Akaeleza. Mkewe akaacha kumenya muhogo. "Baba Shani, sijakopa hata senti. Naapa kwa huyu mtoto."

"Usimwapie mtoto wangu! Mkubwa wangu akisikia ananiita nijieleze, askari gani anakimbia madeni? Kitambulisho changu nani mwingine anacho hapo? Bibi? Bibi hata herufi moja haijui, atakopa kwa miujiza?"

Akacheka kidogo. Nami nikacheka. Wanangu, nilicheka! Mkewe analia pembeni yangu, mimi meno nje.

Wiki iliyofuata binti yule akauza cherehani yake. Nikamwuliza, "Yooo, mwana wanje, mwanangu, utashona na nini?" Akanijibu, "Bibi, deni si langu ila jina ni la mume wangu. Acha nililipe, lisafike." Akaenda mjini kwa wenyewe waliokopesha, akalipa lote kwa namba ya kitambulisho cha mumewe. Wakamwambia deni limekwisha, ila alama ya kuchelewa itakaa kwa muda. Akampigia mumewe kwa furaha.

"Ahaa," mume akasema. "Mtu analipaje deni lisilo lake? Kumbe ni wewe kweli. Nenda kwenu mpaka nirudi."

Nilikuwepo. Mdomo ninao. Sikusema kitu.

Yuko Mwandiga kwa baba yake, wiki ya tatu sasa. Siku ya kuondoka alipita kuniaga, akanijazia ndoo zangu mbili maji, akasema, "Niombee dua Bibi, wewe Mungu anakusikiliza." Nikamwombea. Mikono nimeinua, na ndani ninajijua mimi ni nani.

Najidanganya kwamba ninanyamaza kwa sababu mjukuu wangu yuko kazini na bunduki, nikimchanganya kichwa akapata ajali nitamlilia nani. Uongo huo. Ninanyamaza kwa sababu naona haya. Mjukuu wangu yule duniani anamwamini mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Ninyi wake wa wanajeshi, mngependa mume aambiwe jambo kama hili akiwa huko huko, au angoje mpaka arudi, na huku ndoa inaoza? Nianze kwa mjukuu wangu Ijumaa akipiga kwenye simu ya mpangaji, au nipande gari niende Mwandiga nikampigie magoti mkewe mbele ya wazazi wake? Na mnaojua mambo ya benki, nikienda mwenyewe nikaweka dole gumba kwamba mimi ndiye niliyekopa, ile alama itatoka kwenye jina lake ije kwangu? Nitukaneni kwanza, ni haki yangu. Mkimaliza, mniambie niende wapi.