Hema kwa Mzee Mutiso

Sisi madiwani tukiona hema kando ya barabara lazima tushuke, hasa uchaguzi ukikaribia. Basi nilipoona hema na umati kwa Mzee Mutiso wa Wamunyu, ambaye alikuwa mgonjwa sana, nilishuka na uso wa matanga, nikashika maikrofoni bila kuuliza lolote. Nikasimulia marehemu alivyonifunza kuchonga vinyago, machozi ya kweli yakanitoka. Nikampa mkewe pole. Akajifunika uso kwa leso, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Walikuwa wakipokea mbuzi wa ntheo, wa kumposa binti yao. Mzee mwenyewe, aliyekonda hata nisimtambue kwenye kiti cha mbele, alipangusa macho akasema, "Endelea, Mheshimiwa. Siku yenyewe ikifika sitayasikia haya."