Muchanga Niliotia Mu Ndakala za Binti Yangu

Wasomaji wa ukurasa huu, munipokee. Jina langu mwenye ukurasa atalificha, nimemuomba hivyo. Miaka yangu ni sitini na saba, ama sitini na nane, karatasi ya ubatizo ililiwa na muchwa. Nakaa hapa Kalemie. Shule niliacha darasa la pili, lakini musinicheke: nilifunga vagoni za reli miaka makumi tatu, Kalemie mupaka Kabalo, na hakuna hata moja iliyofunguka njiani. Waulizeni wazee wa reli. Mupaka leo wananiita Shefu. Barua hii nimeiandika kwa mukono wangu mwenyewe, siku tatu, na nimechoka. Si mukono ndio umechoka.

Nina binti, tumuite Feza. Ana miaka makumi mbili na tano. Alipozaliwa munganga alituambia ana trisomie, kwamba ni namuna alivyoumbwa tumboni, si ugonjwa wa kuponyesha, wala si uchawi. Mama yake, Mungu amupumzishe, alimukubali siku ile ile. Miye nilichelewa. Feza anasema pole pole, na hesabu haimuingii. Nilizoea kusema: huyu atakula mukononi mwangu mupaka nife.

Kumbe miye njo nilikuja kula mukononi mwake.

Munajua hapa kwetu ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, nyingi zinaanikwa chini, ku muchanga wa kando ya ziwa. Ukila, meno yanalia. Feza alichukia ule mulio tangu utoto. Akaanza kuanika za kwake juu ya majani makavu na nyavu za zamani. Na kabla ya kuuza, anatafuna samaki mumoja kutoka kila beseni, macho amefunga. Jino likigonga muchanga, beseni lote anawamwagia bata. Hakuna aliyemufundisha. Kwa kupima na kurudisha chenji alimuita Mama Zaina, jirani yetu mwenye kulemaa mguu, ambaye hakuna muntu alikuwa anamupa kazi. Wawili wakashika meza yao mu soko. Wateja wakamupa binti yangu jina: Mama Safi.

"Mama Safi, leo meno yatabaki?" walikuwa wanamutania.

"Meno ni yangu, samaki ni yako," anajibu, na wanacheka wote, naye akicheka kuliko wote.

Na miye nilikaa nyuma ya meza na abakosti yangu, koti langu la heshima, nikimuambia kila mupita njia: "Hii biashara ni yangu. Nimeijenga miye."

Basi akatokea mufanya biashara mumoja wa Kabalo. Alikula ndakala za Feza, akamuuliza kama anaweza kumutayarishia magunia ya kupakia mu treni. Feza akaonyesha vidole vitatu. Miye nikaruka: "Tatu ni za nini? Sita! Miye ni Shefu, nikisema sita ni sita."

Feza akasema, "Papa, tatu."

Sikusikia. Siku moja kabla ya treni kufika, Feza akiwa ku ziwa, nilienda kununua ndakala za muchangani. Nikafungua magunia yake matatu, nikachanganya na zile, yakawa sita. Juu nikaweka za kwake. Mama Zaina alikuwa mulangoni ananitazama, akainamisha macho. Miye ni muntu mukubwa kwake.

Kesho yake mu soko, yule mufanya biashara akaingiza mukono mupaka chini ya gunia, akatia ndakala kinywani. Krr! Wote tulisikia. Akatema.

"Sitwayeni, mwananchi, hii ni nini?"

Wasomaji, neno lilikuwa mudomoni mwangu. Neno moja tu: ni miye. Lakini soko lote lilikuwa linatazama Shefu. Nikacheka, nikamuonyesha Feza kwa kidole. "Bwana, usikasirike. Si unamuona namuna alivyo? Nilimuachia kazi, ameivuruga. Akili yake inaishia pale."

Feza alikuwa anafunga kamba ya gunia. Akasimama. "Papa, mimi nilitafuna."

"Nyamaza!"

"Nilitafuna zote, Papa."

Yule muntu akaacha magunia yote sita chini. Alisema, "Kosa ni langu, kumupa kazi muntu kama huyu." Na wamama waliokuwa wanamuita Mama Safi wakageuza macho.

Tangu siku ile beseni la Feza limefunikwa ku ukuta. Mama Zaina naye amekaa bila kazi. Nikimuambia Feza turudi sokoni, anajibu, "Akili yangu inaishia pale." Bila hasira, anarudisha maneno yangu namuna nilivyoyasema.

Mama Zaina amenijia mara moja. "Shefu, niliona. Sitakutangaza. Nangoja kinywa chako."

"Unataka baba aombe mutoto wake musamaha mbele ya watu?"

"Ulimuvunja wapi? Ndani ya nyumba?"

Nilimufukuza. Lakini yule mufanya biashara wa Kabalo amerudi na treni, yuko mu soko mupaka juma nne, anatafuta muntu mwingine wa kumuuzia ndakala. Nikisema ukweli, Feza anaweza kupata kazi yake tena, na miye nitabaki muzee muongo mwenye abakosti. Nikinyamaza, jina langu linabaki, na mutoto anabaki chini.

Jana nilimupikia mwenyewe bukari, ugali wetu. Alikata tonge, akalitafuna pole pole, macho amefunga, anasikiliza. Sasa kila kitu kinachotoka mukononi mwangu anakitafuna hivyo.

Akaniuliza, "Papa, unaandika nini?"

Nikasema, "Barua ya reli."

Nimemudanganya tena. Ninyi munaosoma, wenye watoto na wenye wazazi, munijibu kabla ya juma nne: muntu wa miaka yangu anasimama namuna gani katikati ya soko, aanzie na neno gani?