Nimefupisha programu, faili likanenepa

Jamani, Haskell, lugha ya kuandikia programu, imenichanganya leo.

Dada Adela, mwenzangu wa kazi aliyeko Magu, anaisubiri programu yetu. Kesho anaionyesha kwenye kiwanda cha pamba.

Basi la kumpelekea lilikuwa linakaribia kuondoka stendi ya Nyegezi, na faili la maelezo linalotengenezwa na kompaila, ile inayogeuza programu kuwa lugha ya kompyuta, likagoma kuingia kwenye diski ya flopi.

Nikafupisha fanksheni zangu, yaani vipande vya programu. Likazidi kukua!

Nikampigia simu dada Adela.

“Umewasha uboreshaji wa kompaila?” akauliza.

“Ndiyo dada, ili programu iende haraka.”

“Basi kompaila inatunga fanksheni zake na kuzirundika kwenye faili hilo. Zima.”

Nikazima, likaingia.

Nikamuuliza, “Sasa kwa nini kufupisha kulilikuza?”

“Hata mimi sijui, mdogo wangu.”

Flopi imeondoka na kondakta. Nyie mnaelewa?