Waume wawili waliacha gongo pamoja, wa kwangu akabaki na huzuni

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni. Haya sikusimuliwa na jirani, yalinikuta mwenyewe.

Miaka ya tisini, biashara ya minofu ya sangara ilipochangamka Mwanza, tulikaa Igogo nyumba moja na shemeji yangu Bulugu, mdogo wa mume wangu Masanja. Kati yetu ukuta mmoja, tena haukufika juu. Ukipiga chafya, upande wa pili wanakupa pole.

Ndugu hawa walikunywa gongo mpaka wakawa wanazimika. Mwishowe wakalazwa Sengerema, wadi moja. Walirudi na kivuko wakiwa wameacha kabisa.

Mwanzoni wote walinuna, hawali, hawalali. Kidogo kidogo Bulugu akachangamka. Anakula, anaimba, anamtania mkewe, Mama Neema. Vicheko vyote navisikia juu ya ukuta.

Wa kwangu kalala kauangalia ukuta huohuo.

Jamani, wivu. Nilimwonea wivu Mama Neema mpaka salamu yake ikawa inanikera. Wote tulipeleka walevi, mbona yeye karudishiwa mume na mimi nimerudishiwa gogo?

Nikajua tu anakunywa kwa siri. Kila akiingia namnusa mdomo. Hamna kitu.

Basi ana mwanamke, nikasema. Jioni moja nikamfuata hadi ziwani. Nikamkuta peke yake juu ya jiwe, viatu kavivua, kaviweka vizuri pembeni kama mtu ambaye hatavivaa tena.

Nikamuuliza, "Baba Kulwa, unamsubiri nani hapa?"

"Simsubiri mtu. Nimechoka kuishi, Mama Kulwa. Huzuni hii ninayo tangu nachunga ng'ombe, pombe sijaijua. Gongo nilianza ili na mimi nicheke kama Bulugu."

Kumbe na yeye alikuwa na wivu, tena wa mtu yuleyule wa nyuma ya ukuta.

Nikamvalisha viatu kwa mikono yangu, na kesho yake tukavuka tena Sengerema.

Daktari aliposikia maneno yale akasema huzuni ya Bulugu ililetwa na pombe, ikaondoka nayo. Ya Masanja iliitangulia pombe, kwa hiyo inataka tiba yake. Akampa vidonge, na tukawa tunarudi kuzungumza naye.

Ilichukua muda. Jumapili moja niliunguza dagaa, Masanja akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama Neema akauliza kutoka kwake, "Mama Kulwa, mmepata mgeni?"

"Ndiyo," nikamjibu, "tena huyu ni wangu."

Nilichojifunza: depression za walevi si moja. Mtu akiacha pombe na miezi ikapita yuko vilevile, usikimbilie kumnusa mdomo. Muulize ilianza lini, kabla ya pombe au baada, umpeleke hospitali.

Mliopitia haya leteni yenu, nasoma zote. Ila wale ambao waume zenu walicheka mapema, mtusubiri kidogo, wivu wangu haujaisha wote.