Nilivyojenga MPPT ya friji ya Mama Nakku, ikakwama kwenye kilima kifupi siku ya sherehe

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Stockholm jua limetoka, kwa hiyo hadi majirani wanasalimia.

Haya yamenipata mwenyewe, na sehemu za aibu sijazikata.

Mimi ni binti tu, nafanya kazi dukani Vällingby. Umeme wa jua nimejifunza peke yangu, kwa video na kwa kuunguza vitu.

Ugonjwa wangu ni kutomaliza. Kila nikikaribia naona kasoro, naanza upya. Nikiulizwa najibu "snart klar", Kiswidi cha "karibu tayari". Watu wetu wa hapa wameshalifanya jina langu.

Sasa kuna Mama Nakku, Mganda, alikuja huku zamani akiwa mkimbizi. Si ndugu wa damu, ila ndiye aliyenipokea nilipofika. Ana kishamba cha bustani Spånga, chenye kibanda kisicho na umeme. Alitaka kusherehekea hapo miaka yake sabini. Friji ya samaki na soda, spika ya muziki, basi.

Rafiki yake Mkongo, Tonton Didier (tonton ni mjomba kwa Kifaransa), akasema ataleta jenereta. Mama akakataa.

"Mingurumo nimesikia ya kutosha maishani. Siku yangu nataka kusikia watu." Akanigeukia. "Wewe si una ile paneli yako?"

Wakuu, nikakubali.

Kwa wasiojua: paneli ina volti fulani ambapo nguvu yake inafika kileleni. Ukizidisha au ukipunguza, unapoteza. MPPT ni kidude kinachokaa kati ya paneli na betri, kazi yake kutafuta hicho kilele. Yangu ilitumia njia rahisi: sogeza volti kidogo, pima. Nguvu imeongezeka? Endelea hukohuko. Imepungua? Rudi. Ni kama kupanda kilima umefumba macho, unapapasa kwa mguu.

Ubaya wake, ikifika juu haitulii. Inayumba, hatua mbele, hatua nyuma.

Hilo lilinikera mno! Nikapunguza ukubwa wa hatua ili itulie, ikawa wingu likipita inachelewa. Nikaongeza. Nikapunguza tena. Nilifika siku ya sherehe bado napunguza.

Asubuhi mambo safi. Mchana, wageni wanaingia, nguvu ikashuka chini ya nusu, na jua liko wazi kabisa! Friji ikaanza kula betri. Nikakimbilia laptop, nikabadilisha hatua. Wapi!

Na Tonton alikuwa ameileta jenereta yake kwenye toroli, eti kwa usalama tu.

"Alors, Snart Klar? Nivute kamba niiwashe?"

"Bado Tonton, dakika mbili."

"Dakika zako nazijua, ma fille. Samaki hawazijui."

Hapohapo Mama akaniita nimhamishie meza, ilikuwa chini ya kivuli cha mti na yeye anataka jua. Nikaisogeza kidogo kushoto. Nikaangalia. Kidogo kulia. Nikairudisha.

"Banange! Wewe mtoto, unacheza na meza? Weka chini. Zunguka shamba lote kwanza, uone jua liko wapi, ndipo uibebe."

Nikabaki nimeishika meza, nikainua macho kwenye paa la kibanda.

Kivuli cha mlingoti wa bendera wa jirani kilikuwa kimelala juu ya paneli yangu.

Paneli ikifunikwa sehemu, kilima hakiwi kimoja tena. Vinakuwa viwili au zaidi. MPPT yangu ilikuwa imekwama juu ya kile kifupi, inajipongeza.

Dawa yake nilikuwa naijua, hiyo ndiyo aibu. Kila baada ya muda, pitia volti zote kuanzia juu hadi chini, kisha baki penye nguvu kubwa. Niliikataa kwa sababu wakati inazunguka unapoteza umeme kidogo. Mimi sikutaka kupoteza hata tone.

Nikaandika mistari michache, mibaya, nikaiwasha. Nguvu ikaporomoka. Tonton akashika kamba.

"Subiri!"

Ikapanda. Ikabaki huko. Haikuwa kama ya asubuhi, lakini ilitosha friji na betri ikaanza kujaa.

Jenereta nayo ilipata kazi. Upepo ulikuwa unapeperusha turubai la wageni, tukalifunga kwenye jenereta, uzito wake ukalishika.

Jioni Mama, amekaa kwenye jua lake, akaniuliza, "Hicho kidude chako umemaliza?"

Kwenye skrini namba zilikuwa bado zinayumba. Programu ilikuwa imejaa viraka. Nikafunga laptop.

"Klar, Mama."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata keki haikuvipata.

Nilichojifunza: usinoe hatua zako kabla hujajua uko kwenye kilima kipi. Na hata kwenye kilima sahihi utayumba tu, friji haijali.

Mliojitengenezea MPPT, mnaizungusha kila baada ya muda gani? Na nani mwingine kaumbuliwa na kivuli? Karibuni mnikosoe, ila polepole, moyo wangu mnaujua.